Kuwamba kayaki ya fremu kwa hela ndogo: mwongozo kamili kuanzia fremu tupu mpaka inaelea (kwa watu wa Mtwara na Lindi)

Haya wadau, huu mwongozo ni wa yule ambaye fremu ya kayaki (kile kimtumbwi chembamba cha kasia kilichofunikwa juu) ishasimama, fito zimefungwa, mataruma (mbavu za chombo) yamekaa, na sasa anaizunguka anajiuliza naivalisha nini na hela yenyewe imebaki kidogo. Kuchonga fremu sigusi hapa, ile ni mada ndefu inayojitegemea. Hapa tunawamba kitambaa, tunashona, tunapaka rangi, tunaweka maboya ndani, na vitu vyote ni vya kupata madukani huku au kuagiza Kariakoo vikaja na basi.

Hata kama hutasoma mpaka mwisho shika hili: pesa yako iweke kwenye kitambaa na uzi, kwingine kote bana unavyoweza. Na kukaza kitambaa kunaishia kwenye sindano. Kitambaa kikilegea ukasema rangi itakivuta, haitakivuta, utapiga koti sita na bado kitakuwa kinabonyea ukikishika, afu umeongeza uzito bure.

Kwa nini iko hivyo, angalia hiki chombo kinavyofanya kazi. Kayaki walianza nayo Wainuiti wa Greenland na kaskazini kabisa mwa bara la Amerika, kule miti haioti, wakawa wanaokota magogo yaliyoletwa na bahari, wanafunga fremu kwa kano za wanyama, wanavalisha ngozi ya sili, mnyama wa baharini. Hamna msumari wa kukaza kila kiungo, kwa hiyo fremu inacheza kidogo ikipigwa na wimbi. Sisi wa pwani hili sio jambo geni, mtepe wa zamani ulikuwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi na ulikuwa unasafiri bahari hii hii. Sasa chombo kinachocheza kinataka ngozi iliyokaza lakini inayonyumbulika, ukivalisha kitu kikavu kinachokatika kama vile rangi nene iliyorundikwa, kitapasuka pale fito inapopinda. Kila uamuzi hapa chini unatoka kwenye hilo.

Msimu kwanza

Huku kusini mvua zetu zinaanza kama Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Aprili, wakati mwingine Mei. Kipindi hicho kitambaa cha pamba kinakaa na unyevu siku nzima na rangi ya mafuta inachelewa kukauka mpaka unakata tamaa. Mi nashauri uwambe kuanzia Juni mpaka Septemba. Kusi inavuma kwa nguvu miezi hiyo, lakini inavuma kavu, na chombo si bado kiko uani kwako, basi ikifika tanga mbili, ule wakati kusi imechoka na kaskazi bado haijakamata, Oktoba kuelekea Novemba, kayaki yako imekauka vizuri na bahari imetulia. Kama uko karibu kabisa na ufuko, Shangani au Mikindani kwa mfano, fanyia kazi nyuma ya nyumba, upepo usilete mchanga na chumvi.

Fremu uikague kama hutaiona tena, maana hutaiona

Ukishashona, ndani utafikia kwa kupitia tundu la kukalia tu, mkono unaishia kwenye bega. Kwa hiyo mambo ya ndani yote ni sasa.

Kaa ndani ya fremu. Tandika mkeka chini au weka gunia la mchanga pande mbili, ingia, nyoosha miguu, weka ubao wa kukanyagia pale unyayo unapofika, sikiliza kama kuna fito inakuchoma paja. Kama unataka kumwazima shemeji yako mwenye miguu mirefu, huu ndo wakati wa kuamua.

Afu angalia mataruma. Kitambaa kinatakiwa kiguse fito ndefu peke yake, yaani mkuku (uti wa chini kabisa wa chombo), fito za ubavuni na mbao za ukingo wa juu. Taruma likigusa kitambaa litatoa uvimbe kwa nje, uvimbe huo unavuta maji na ndo pa kwanza kutoboka ukipita juu ya jiwe. Kupima ni rahisi, chukua uzi, ukaze kutoka fito moja kwenda ya jirani kuvuka taruma, uzi ukigusa taruma chukua tupa au randa ndogo upunguze mpaka kuwe na nafasi ya kidole kati yake.

Baada ya hapo piga msasa kila kona inayotazama nje. Vaa soksi kuukuu ya nailoni mkononi, pitisha kwenye fremu yote polepole, pale inaponasa pana kibanzi au ncha ya kamba, rudi na msasa. Mafundo ya kamba yaelekee ndani. Ukimaliza sugua mshumaa kwenye kingo za fito ili kitambaa kiteleze wakati wa kuvuta.

Mafuta ya mbao. Mafuta ya linsidi yaliyochemshwa yanapatikana maduka ya vifaa vya ujenzi, pakaza koti mbili nyepesi, futa yanayobaki juu, acha siku kadhaa mpaka yasinate kidoleni. Vitambaa ulivyofutia usivikunje ukavitupa kwenye kona, mafuta ya linsidi yanapokauka yanatoa joto na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti, vitandaze juani kimoja kimoja au vizamishe kwenye ndoo ya maji. Hili sio tishio la kuambiana tu, linatokea kweli kwenye karakana.

Najua kuna watakaosema kwa nini tusitumie sifa, yale mafuta ya papa ambayo mafundi wa mashua wanapaka. Kwa mashua ya mbao inafaa sana, ila kwenye kayaki ya kitambaa sifa inachelewa kukauka, inapenya kwenye pamba, na rangi ukija kuipaka juu yake haishiki. Hivyo hivyo mafuta ya maganda ya korosho, ambayo huku Mtwara na Lindi hatuyakosi. Yanalinda mbao, wadudu hawayataki, lakini yakiwa mabichi yanaunguza ngozi ya mtu, na kila aliyebangua korosho kwa mkono anajua vidole vinavyokuwa. We utakuwa umekaa kaptula ndani ya hiyo fremu ina maji ya chumvi miguuni. Hapana.

Kitambaa

Hapa nitakaa kidogo maana ndo roho ya kazi.

Chaguo langu kwa mtu mwenye hela ndogo ni kanivasi ya pamba, ile nzito, wazee wanaita marudufu. Uzito wa gramu 340 mpaka 500 kwa mita ya mraba unatosha, chini ya hapo itatoboka mapema, juu ya hapo inakuwa ngumu kushona na inakunywa rangi nyingi. Uzuri wa pamba ni kwamba ikilowa mara ya kwanza inarudi, inakaza yenyewe juu ya fremu. Kwa hiyo usiifue kabla! Watu wanaifua ili itoe wanga, wanakuwa wametupa ule mvuto ambao walitakiwa wautumie. Nunua ambayo haijafuliwa, iweke kavu. Ubaya wake inaoza ikiachwa na unyevu, nitafika huko.

Poliesta nzito ni nzuri kuliko pamba kwa kudumu, haiozi, na inakazwa kwa moto wa pasi, unapitisha pasi ya moto wa wastani na inajivuta. Ukiipata ya gramu kama 250 mpaka 350 kwa bei unayoiweza ichukue, ila hakikisha ni poliesta tupu kwa kuchoma uzi mmoja, poliesta inayeyuka na kuwa kidonge kigumu, pamba inaungua kama karatasi na kubaki majivu. Nailoni ni ngumu kuchanika kuliko zote lakini ina tabia ya kulegea ikilowa, kwa hiyo inawambwa ikiwa imelowa ili ikikauka ikaze, na rangi ya mafuta ya kawaida haiipendi sana. Kwa bajeti yetu nailoni mi naiacha.

Turubai la lori, lile zito lenye mpira pande zote, linafanya kazi na halihitaji rangi kabisa. Ni zito, halijivuti kwa maji, na makunyanzi yake ya omo (mbele) na tezi (nyuma) huwezi kuyaondoa yote, lakini kama kuna fundi wa maturubai mtaani kwako anauza kipande kilichobaki, kayaki ya kuvulia samaki ghubani itatoka vizuri tu. Mishono yake inabidi uifunike na ukanda wa turubai hilo hilo kwa gundi ya pivisi.

Turubai jepesi la bluu na viroba vya salfeti usivitumie. Vinakatikia kwenye tundu la sindano, jua linavila ndani ya miezi, na rangi inabanduka kama ganda. Najua ni bei ya chini, ila chombo hiki kinakutenganisha na maji kwa unene wa milimita moja, kwa hiyo bei ya chini hapa ni ghali.

Kiasi cha kununua: funga uzi kuzunguka fremu pale ilipo pana zaidi, chini mpaka ukutane katikati ya deki, yaani upande wa juu wa chombo. Kayaki ya urefu wa mita 4.5 na upana wa sentimita 58 hivi, mzunguko unakuja kama mita 1.35. Kitambaa cha upana wa inchi 60, yaani kama mita 1.5, kinafunika kwa kipande kimoja na kinabaki cha kushikia. Urefu chukua wa kayaki ongeza karibu mita nzima, kinachobaki kitakuwa viraka. Kama umepata cha upana mdogo, unga ukanda kwenye deki, usiunge chini ya maji.

Uzi na sindano

Uzi wa pamba hapana, unaoza kabla ya kitambaa. Nenda kwa wauza vifaa vya uvuvi uchukue uzi wa nailoni au poliesta wa kushonea nyavu, uliosokotwa, unene ambao ukiuvuta kwa mikono haukatiki na unakata kidole. Upitishe kwenye nta ya nyuki, au mshumaa kama nta hamna, mara mbili. Nta inafanya fundo lisifunguke na maji yasipite kwenye tundu.

Sindano ni shazia, ile ya kushonea magunia, pamoja na nyingine ndogo iliyopinda kama utaipata. Tafuta kipande cha ngozi au tyubu nene ya kufunga kiganjani usukumie, maana kanivasi ya mikunjo mitatu inasumbua mkono. Kila kipande cha uzi kiwe pima moja na nusu hivi, ukikata mrefu zaidi unajisokota na kukwaruzika kabla haujaisha.

Kuvuta

Mwite mtu mmoja, hii hatua ni ya watu wawili.

Geuza fremu kichwa chini, iweke juu ya viti viwili au madebe mawili. Chora mstari wa penseli katikati ya kitambaa urefu wote, kilaze juu ya fremu mstari ukae juu ya mkuku. Kishike kwa vibanio vya nguo hapa na pale kisihame.

Anza omo. Zungushia kitambaa kwenye ncha, kusanya pande mbili zikutane upande wa deki, shona kama sentimita 30 kurudi nyuma, upate kitu kama mfuko unaokumbatia pua ya kayaki. Afu nenda tezi, vuta kitambaa kwa mkono mpaka kimenyooka, weka alama ncha ya fremu inapofika. Sasa kitoe, shona mfuko wa tezi ukiwa mfupi kuliko alama kwa sentimita 4 au 5. Kukirudisha ndo shughuli, mmoja anashikilia omo, mwingine anasukuma mfuko uingie tezi, ukishindwa tumia kipande cha mti na kamba kama wenzo. Kikiingia utaona mstari mzima wa chini umenyooka bila kunyanzi hata moja. Kama kimeingia kirahisi, fumua mfuko upunguze tena, usijionee huruma hapo.

Geuza kayaki ikae sawa. Pande mbili za kitambaa sasa zinaning'inia. Toboa kwa shazia sentimita 3 kutoka kwenye ukingo, kila baada ya sentimita 10, pitisha kamba nyembamba zigizaga kutoka upande huu kwenda huu kama unavyofunga kiatu. Anzia katikati ya chombo, elekea omo, rudi katikati, elekea tezi. Ukianzia mwisho makunyanzi yanakusanyikia katikati na hapatoki. Kaza mzunguko wa kwanza nusu, wa pili kabisa. Mikanda ya tyubu ya baiskeli, ile tunayofungia mizigo kwenye keria, inasaidia sana kushikilia huku unavuta upande mwingine. Ukiona kunyanzi la mshazari, vuta kitambaa kwa kulifuata lenyewe, linatoka.

Pumzika, kunywa maji, rudi ukakaze tena. Kanivasi ikikaa saa moja inaachia kidogo, kwa hiyo mkazo wa pili ndo wa kweli.

Kushona katikati ya deki

Kata kinachozidi, bakisha sentimita 2.5 kila upande kuvuka mstari wa katikati. Kata kipande kifupi kifupi kadiri unavyoshona, ukikata chote mara moja kamba inaachia.

Mshono ni mara mbili. Wa kwanza ni wa kuvuta, unachoma sentimita mbili ndani ya ukingo upande wa kulia, unavuka unachoma wa kushoto, unavuta mpaka pande zinakutana, kila mchomo sentimita 2 mpaka 2.5. Kila michomo mitano funga fundo, ili uzi ukikatika siku moja usifumuke wote. Usichome karibu na ukingo, nyuzi zinachomoka. Mshono wa pili unakunja kingo zote mbili kwa ndani zilaliane, unazishona juu kwa michomo ya mshazari ya karibu karibu, sentimita moja hivi. Huu wa pili ndo unafunga maji, na ndo unaoonekana, kwa hiyo ufanye kwa utulivu. Hauhitaji kuvuta sana, kazi ya kuvuta ilishafanywa na wa kwanza.

Tundu la kukalia usilikate mpaka mishono ya mbele na nyuma imekwisha yote. Ukikata mapema kitambaa kinafunguka kama mdomo na mvuto wote unaondoka.

Ringi ya tundu

Ringi yako, iwe ya mwanzi uliopindwa kwa maji ya moto au ya vipande vyembamba vya mbao vilivyogundishwa, itoboe matundu kila sentimita 2 kuzunguka. Iweke mahali pake juu ya kitambaa, chora kwa ndani, kata tundu dogo kuliko mstari kwa sentimita 7 kila upande. Ile inayobaki unaipandisha juu kwa ndani ya ringi, unaikunja, unaishona kupitia matundu. Shona mbele mchomo mmoja, nyuma mmoja, kulia, kushoto, afu ndo ujaze katikati, la sivyo ringi inakaa upande. Kitambaa kinachozidi unakikata baada ya rangi.

Maji

Kama ni pamba, chukua maji ya baridi kwenye ndoo na sponji, lowesha kitambaa chote juu na chini, kwa usawa. Weka kivulini. Utaona kinaanza kunyooka mbele ya macho yako. Kikauke kabisa, na kabisa maana yake siku mbili ukipenda, afu gonga kwa kidole, kinatakiwa kilie kama ngoma. Pale ambapo pamelegea lowesha peke yake kwa maji ya moto. Wenye poliesta hapa ndo wanatumia pasi, ya umeme au hata ya mkaa ilimradi uifute majivu, wakianza na moto mdogo na kuijaribu kwenye kipande kilichobaki.

Rangi

Rangi ya mafuta ya kawaida inatosha kabisa. Galoni moja ya lita 4 inamaliza kayaki ya ukubwa huu, na inabaki kidogo ya viraka. Chagua rangi ya mwanga, nyeupe, njano, chungwa. Jua letu likipiga kitambaa cheusi ndani panakuwa tanuru, mbao zinakauka kupita kiasi, na pia mashua ya injini ikuone kwa mbali. Lami ya paa usipake, inalainika juani na itakunata wewe na kila unachoweka.

Koti la kwanza changanya na tina, kiasi cha sehemu moja ya tina kwa sehemu nane za rangi, uisugue kwa brashi iingie kwenye nyuzi. Lengo la koti hili ni kupenya, litaonekana baya, liache. Mishono uijaze kwa kuchomachoma na ncha ya brashi. Usimwage nyingi ikapita ndani, matone yanaganda kwenye kitambaa kwa ndani na kuongeza uzito. Makoti yanayofuata hayana tina. Chini yawe matatu juu ya lile la kwanza, deki mawili yanatosha. Kati ya koti na koti acha siku nzima au zaidi, piga msasa mwepesi wa namba 180 kuondoa manyoya, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji baridi, subiri kikauke. Kama upepo wa bahari umepita usiku kuna chumvi juu, futa, rangi haishiki juu ya chumvi.

Paka asubuhi umande ukishapotea, jioni acha. Chini ya mwembe pana kivuli kizuri lakini panadondosha utomvu na wadudu, tundika shuka juu. Na ukianza na rangi ya mafuta malizia na ya mafuta, ya maji juu yake itabanduka.

Ukishindwa kuvumilia ukaitia majini baada ya koti la mwisho kuonekana limekauka, itavimba mapovu. Iache wiki nzima.

Ukanda wa mkuku

Fukwe zetu sio mchanga mtupu. Maji yakipwa kuna matumbawe, mawe, chaza waliokamata kwenye miamba, na wanakata. Kabla ya koti mbili za mwisho kata ukanda wa kanivasi wa sentimita 8, ulaze kwenye mkuku urefu wote na vipande viwili zaidi kwenye ncha za omo na tezi, uubandike kwa rangi yenyewe ikiwa mbichi, ubonyeze hewa itoke, afu koti zinazofuata zipite juu. Haitoboi tundu lolote na ukichakaa unabandika mwingine. Wengine wanapigilia ubao wa mninga na skrubu kupita kitambaa mpaka kwenye mkuku, ni imara, lakini kila skrubu inataka silikoni.

Maboya ndani

Hii usiruke. Kayaki ya kitambaa ikijaa maji huwezi kuipanda tena, inageuka beseni. Kusanya chupa za maji za lita moja na nusu, zikauke, kaza vizibo, zitie kwenye vipande vya nyavu kuukuu, sukuma chupa 20 omo na 20 tezi, funga nyavu kwenye mataruma zisije zikachomoka. Kila chupa inashikilia kama kilo moja na nusu, kwa hiyo una lita 60 za hewa bila kununua chochote. Tyubu ya pikipiki iliyojazwa hewa kiasi inafaa pia, usiijaze sana, juani hewa inatanuka.

Kuijaribu

Nchi kavu kwanza, mwaga ndoo mbili za maji ndani, iinamishe upande huu, upande huu, mbele, nyuma, ukiangalia nje pa kuvuja. Weka alama kwa chaki, mwaga maji, ikauke, ongeza rangi kwenye alama.

Majini chagua maji yaliyojaa na yaliyotulia, ndani ya ghuba ya Mikindani au kwa Lindi ndani ya ghuba asubuhi kabla upepo haujaamka, kina cha kiunoni, jaketi la kuokolea mwilini, mwenzio pembeni. Kitu cha kwanza cha kujifunza ni kutoka ikipinduka, igeuze makusudi, toka, rudia mpaka haikutishi. Mlango wa bandari ya Mtwara kuelekea Msangamkuu kuna mkondo, pantoni na meli, achana napo kwanza. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, maji yanakimbia zaidi, siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, ni rafiki kwa anayeanza. Sikiliza tahadhari za upepo na mawimbi za TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa), na uliza ofisi ya TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli) wanataka nini kwa vyombo vidogo eneo lako. Ukielekea Msimbati kumbuka unaingia Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, ina taratibu zake, na kule mdomoni mwa Ruvuma kuna viboko na mamba, kayaki ya kitambaa sio chombo cha kwenda kuwaangalia.

Kuitunza

Inabebwa, haiburuzwi. Inyanyueni watu wawili, na uipande ikiwa imeshaelea, kukanyaga ndani ikiwa juu ya mchanga kunasukuma fito dhidi ya kitambaa na jiwe lililo chini linamaliza.

Ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi nje na ndani, igeuze kichwa chini kivulini juu ya madebe ipitishe hewa, usiilaze kwenye udongo, mchwa hawachelewi. Pamba iliyofungiwa na unyevu inaanza madoa meusi ndani ya wiki chache, ukiyaona isugue kwa maji na sabuni, anika, afu angalia kama kitambaa bado kina nguvu kwa kukisukuma na dole gumba. Tundu dogo ukiwa safarini ziba na kiraka cha tyubu na gundi ya baiskeli baada ya kukausha. Ukifika nyumbani ng'oa kiraka, piga msasa, weka kiraka cha kanivasi kinachozidi tundu kwa sentimita 4 kila upande, kibandike kwa rangi na upake juu. Kila mwaka kabla ya kusi kuisha, piga msasa chombo chote na koti moja jembamba, moja tu, na pitia mshono wa deki kwa kidole ukitafuta uzi uliokwaruzika. Ukiupata, shona pale pale mshono mwingine juu yake kabla hujaweka rangi.